Rimu, Jasho na Stoo ya Mashuka

Pale unapokaribia daraja la Sabaki ukitoka Malindi ndipo gurudumu langu la nyuma liliponiaibisha. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa tatu, saa moja unusu asubuhi, nimetoka nyumbani Barani nikitaka kufika Marafa kabla jua halijachachamaa. Kwanza nilihisi baiskeli inayumba nyuma kama punda aliyechoka. Nikashuka. Maziwa meupe yalikuwa yanachuruzika kwenye nati za spoki, si moja wala mbili, yakidondoka juu ya lami tone kwa tone.

Boda mmoja akapunguza mwendo, akalitazama gurudumu, akanitazama mimi.

"Kakangu, hiyo baiskeli inanyonyesha?"

Nilicheka kwa kuwa sikuwa na la kusema. Tepu ya rimu ile niliifunga mwenyewe siku nane tu nyuma, na nilikuwa nimejisifu kwa kila mtu kazini.

Anayeendesha baiskeli nje ya lami huku kwetu anaijua mbigiri. Ni mmea mdogo unaotambaa chini, maua yake ya njano yanapendeza, lakini tunda lake likikauka limevaa miiba iliyoelekea kila upande, hata lianguke vipi mwiba mmoja utakuwa unatazama juu. Njia za Ganda, Kakuyuni na upande wote wa Magarini zimejaa. Tyubu yangu ya mwisho ilikuwa na viraka kumi na kimoja. Fundi wa mtaani akaniambia sasa anabandika kiraka juu ya kiraka, na solusheni anayonimalizia mimi angeweza kumtengenezea mtaa mzima. Ndipo nikahamia tyubulesi: tairi halina tyubu, ndani mnatiwa dawa nyeupe yenye utomvu wa mpira, mwiba ukitoboa, dawa inakimbilia tundu na kuganda papo hapo. Dawa inafanya kazi yake. Sina ugomvi na dawa.

Ugomvi wangu ulikuwa na rimu. Rimu zangu zina matundu 32 ya spoki kila moja, na kila tundu ni mlango. Mwaka 1999 Mavic wa Ufaransa walitoa rimu ambayo upande wa ndani haikutobolewa popote ila pa valvu, kwa hiyo haikuhitaji kuzibwa na chochote. Zangu si hizo. Zangu zinategemea utepe mwembamba wa plastiki wenye gundi upande mmoja, unaozungushwa ndani ya rimu kufunika matundu yote. Na rimu yenyewe ni kama bomba lililokunjwa duara: ndani yake mna uwazi. Upepo ukipenya chini ya tepu mahali pamoja tu, unaingia humo, unatembea unapotaka, na unatokea popote penye upenyo.

Hilo sikulijua, likanila wiki nzima. Nilikuwa nikipaka maji ya sabuni, naona povu kwenye nati fulani, naikaza. Povu linahamia nati ya jirani. Naikaza na hiyo. Mwishowe upepo ulikuwa bado unatoka na gurudumu limepinda kama kipande cha mbata, ikabidi nimlipe fundi alinyooshe. Nati ilikuwa dirisha tu la kutokea. Mwizi aliingilia kwingine.

Turudi nyuma kidogo. Tepu ya kwanza kabisa nilipewa pamoja na valvu, na haikumaliza hata siku moja. Nilipoipima kwa rula ya shule ya mwanangu ilikuwa na upana wa milimita 25, na rimu yangu kwa ndani ni milimita 30. Ukiitazama, matundu yote yamefunikwa, unaona mambo sawa. Lakini kingo zake ziliishia hewani, katikati ya sakafu ya rimu, hazina wa kuzishika isipokuwa gundi peke yake. Tepu inatakiwa ienee ukuta kwa ukuta, kingo zake ziingie chini ya mdomo wa tairi, pale tairi linapokalia rimu, ili tairi lenyewe lizikandamize. Kwa rimu ya 30 tafuta tepu ya 32 mpaka 35. Ikizidi hapo inaanza kupanda ukutani na tairi linakataa kukaa.

Nikaagiza ya 34 kutoka Nairobi, roli ya mita 10, ikaja na basi kwenye kifurushi kidogo hata mtu wa mizigo akaniuliza kama ni dawa ya meno. Mita 10 zinatosha. Rimu ya inchi 29 ina kipenyo cha milimita 622 pale tairi linapokaa, mzunguko wake haufiki mita 2, kwa hiyo unapata mizunguko miwili kwa kila gurudumu na kipande kidogo kinabaki.

Kabla sijaendelea: msishawishike na tepu nyeusi ya kitambaa inayouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi. Nilishauriwa hivyo, nikaijaribu kwenye gurudumu la mpwa wangu, kijana wa watu. Joto la huku likaiyeyusha gundi yake ikawa kama halua iliyosahauliwa juani, dawa ikaingia kwenye nyuzi za kitambaa, na kuitoa kulinila Jumamosi nzima na petroli nusu lita. Mpwa wangu hakusema kitu. Aliniletea chai tu, akakaa akinitazama.

Basi. Tepu ya 34 ndiyo niliyokuwa nayo siku ya Sabaki. Upana sahihi, imekazwa vizuri, haina kunyanzi hata moja. Nilirudi nyumbani nikisukuma baiskeli, nikafungua tairi uani, na nilichokikuta hakikuwa tepu iliyochanika wala kutoboka. Ilikuwa nzima. Ilikuwa imehama. Kama shuka lililoteleza kwenye godoro usiku, ukingo mmoja umevutika hadi katikati na matundu matatu ya spoki yako wazi. Nilipoishika mwisho wake na kuivuta ikatoka yote bila ubishi, na upande wa gundi ulikuwa unateleza.

Nikaanza kuilaumu tepu. Nikailaumu Nairobi. Nikamlaumu na mtu wa basi, nikidhani aliiweka karibu na injini.

Kilichonizindua ni kitambaa. Kile nilichopangusia rimu kabla ya kufunga tepu kilikuwa bado kinaning'inia kwenye kamba, na nilipokichukua nikasikia harufu ya dawa ya kuchulia misuli, ile anayopakwa mzee mwenye mgongo. Nilikuwa nimepangusa kwa spiriti ya kuoshea vidonda, ya dukani, maana kila anayeeleza habari hizi husema safisha rimu kwa spiriti. Nikaingia ndani nikachukua chupa nikasoma maandishi madogo. Methili salisileti: ndiyo harufu. Na juu yake, mafuta ya mbarika.

Mafuta, jamani! Yamo kwa nia njema, ngozi isikauke. Spiriti inaruka, mafuta yanabaki. Kumbe niliipangusa rimu kwa uangalifu mkubwa, mara mbili, kila kona, kisha nikaipaka mafuta ya mbarika na kubandika tepu juu yake. Hata siku nane ni nyingi.

Spiriti inayotakiwa ni isopropili tupu, na katika mji wetu wanayo mafundi wa simu, wanaoshea bodi za simu zilizoingia maji. Nilikwenda kwa mmoja karibu na soko, nikamwambia shida yangu, akanimiminia kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Akakataa pesa. Alitaka tu nimweleze rimu ya baiskeli ina uhusiano gani na simu.

Hapo nilidhani nimemaliza. Ninafanya kazi ya matengenezo hotelini, umeme na AC, vitu vinavyoshindikana kwa kawaida huniheshimu. Nikakaa barazani jioni hiyo na rimu safi, spiriti ya halali, tepu mpya. Lakini mwezi wa tatu Malindi, kaskazi imelala na mvua bado haijaja, mnaujua. Hewa imesimama kama maji ya mtungi. Nilikuwa nimefika nusu ya mzunguko wakati tone la jasho liliponitoka puani na kutua kwenye rimu, mbele kidogo ya kidole gumba. Nikalipangusa kwa kiganja. Kiganja nacho kina jasho. Nikasema haidhuru.

Ilidhuru. Siku tatu baadaye pale palipoanguka jasho palikuwa na uvimbe chini ya tepu, mrefu kama mbegu ya tende, na dawa imeshaanza kujipenyeza. Nikajaribu kuwasha feni. Feni ikakausha jasho na kuniletea mchanga mwembamba wa barazani, ukajipanga juu ya gundi kama bizari juu ya mshikaki.

Basi nikasema AC. Kazini kuna stoo ya mashuka, na ina AC kwa sababu bila hiyo mashuka hushika ukungu na wageni wakalalamika harufu. AC yenyewe ni mtoto wangu, mimi ndiye ninayeisafisha. Nikaomba ruhusa kwa mama anayesimamia stoo, nikaliacha gurudumu humo usiku kucha, nyuzi 18. Asubuhi nikalitoa, nikaenda nalo veranda ya nyuma penye mwanga mzuri nifanye kazi. Sijafungua hata roli, rimu ikaanza kutoa jasho. Yenyewe! Matone madogo madogo kila mahali, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Mimi, fundi wa AC, ninayewaeleza wageni kila siku kwa nini vioo vya chumba vinafanya ukungu kwa nje, nilikuwa nimepoza kipande cha chuma na kukileta kwenye hewa ya bahari nikitegemea kibaki kikavu. Mama wa stoo alikuwa mlangoni. Akasema tu, "Mwanangu, si ungeifanyia humo humo ndani?"

Ndivyo nilivyofanya, na ndivyo ninavyofanya sasa. Kwanza rimu inaoshwa kwa maji ya bomba, yale ya Baricho, kwa sabuni. Si maji ya kisima: visima vya upande wetu vina chumvi, na rimu ikikauka inaacha utando mweupe ambao gundi haiupendi kabisa. Ikiwa rimu ya alumini imekaa karibu na bahari utakuta na unga mwingine mweupe, hiyo ni kutu yake, inasuguliwa kwa kipande cha sponji ya jikoni mpaka kidole kipite bila kukwama. Gundi ya zamani itolewe yote. Kisha rimu inakaa juani saa moja ipate joto, maana gundi inashika vizuri kwenye chuma chenye uvuguvugu, halafu inaingia stoo ikiwa bado na joto lake. Ikitoka kwenye joto kwenda kwenye ubaridi haitoi jasho. Humo ndani, isopropili kwa kitambaa cheupe, mara nyingine tena kwa kitambaa kingine, na kuanzia hapo hakuna kidole kinachogusa sakafu ya rimu. Mimi hujipaka mafuta ya nazi asubuhi kama watu wote, kwa hiyo navaa glavu za wahudumu wa vyumba. Nimechekwa, nimezoea.

Tepu naanzia kama sentimita 12 kabla ya tundu la valvu, na mwisho naivusha tundu hilo kwa kiasi kile kile, ili pale penye valvu pawe na tabaka la ziada. Kona za mwanzo na mwisho nazikata mviringo kwa mkasi, kona kali ndiyo ya kwanza kunyanyuka. Ugumu uko kwenye kuvuta. Ukiwa umelibana gurudumu magotini, mkono mmoja unavuta tepu kwa nguvu, karibu uhisi itakatika, na wa pili unaikandamiza iingie mpaka chini kabisa ndani ya mfereji wa kati, ule unaozunguka katikati ya sakafu ya rimu. Ikiwa imelegea itakaa juu ya mfereji kama ngozi ya ngoma, na siku tairi likijaa upepo itasukumwa chini, kingo zitavutwa ndani, na umerudi Sabaki.

Mimi nilikuwa nikipata kunyanzi pembeni kila baada ya shubiri mbili na kuzisugua kwa kidole gumba. Mama wa stoo alinitazama weee, mwisho akaja akalishika gurudumu upande wa pili.

"Kunyanzi haiondoki kwa kuisugua juu. Rudi nyuma, inua, uvute upya."

Ameshakunja mashuka miaka mingi kuliko umri wa baiskeli yangu. Akashika tepu, mimi nikazungusha gurudumu. Mzunguko wa kwanza wa kwake ulitoka laini kama ukuta wa chokaa, akazidi kuupitia kwa kitambaa kikavu, akianza katikati kwenda pembeni, katikati kwenda pembeni. Mzunguko wa pili akaniachia mimi, nadhani kwa huruma.

Tundu la valvu sikati tena kwa wembe. Ukikata msalaba, zile pembe nne ndizo mianzo ya mpasuko. Napasha moto msumari mwembamba kwenye jiko, natoboa mara moja kutoka upande wa tepu, plastiki inayeyuka na kujifunga ukingo mviringo. Tundu liwe dogo kuliko valvu, valvu iingie kwa kusukumwa.

Kisha linalosahauliwa na wengi, na mimi nililisahau mara tatu: usitie dawa siku hiyo. Naweka tyubu ya kawaida ndani, navalisha tairi, najaza upepo hadi paundi 40, naliacha gurudumu usiku mzima. Tyubu inaikandamiza tepu kila mahali kwa nguvu sawa, kuliko vidole gumba vya mji mzima. Asubuhi nafungua tairi upande mmoja tu, natoa tyubu, natia valvu. Upande wa pili unabaki umekaa ulivyokaa, hausumbui tepu. Na hapa niwakiri jambo moja: kwa miaka yote nimefungua tairi kwa mpini wa kijiko, kama mafundi wote. Kijiko cha chuma kikiteleza ndani ya rimu kinachana tepu kama kinachana karatasi. Nimenunua vile vya plastiki, na mke wangu amerudishiwa vijiko vyake vitatu, viwili vikiwa vimepinda.

Nguvu ya upepo nayo iangaliwe. Mimi nina kilo 70 na kidogo, nyuma natia paundi 25, mbele 22, na inatosha mchanga na mawe. Wale wanaojaza mpaka tairi lilie kama ngoma wanaisukumia tepu kwenye matundu ya spoki bila sababu.

Gurudumu lile lilifungwa mwezi wa nne. Marafa nimeshakwenda mara mbili na kurudi, mara moja mpaka ukingoni kabisa mwa Nyari, lile korongo la Marafa, nikalaza baiskeli chini na kuangalia ule udongo mwekundu na mweupe jua likizama. Nikachomoa mbigiri sita kwenye tairi la nyuma, kila moja ikatoa kitone cha maziwa na kunyamaza. Juzi, kusi imeshaanza kuvuma, nikafungua kuangalia. Dawa yote imekauka, imebaki vipande kama maganda ya embe, maana kwa joto letu haimalizi miezi mitatu, nimetia mililita 100 nyingine. Tepu haijasogea. Nilipitisha ukucha ukingoni mzunguko mzima, haikunipa pa kuanzia.

Sasa shida ni nyingine. Mpwa wangu amenisamehe na ameniletea rimu zake mbili za inchi 26, lakini mama wa stoo kaniambia mwezi wa saba wageni wanaanza kuja, mashuka yatafika darini, na gurudumu lolote atakalolikuta humo atalitundika getini. Kwa hiyo mwenye chumba chenye AC inayofanya kazi, Casuarina au popote, nahitaji saa tatu na usiku mmoja. AC nitakusafishia bure, na madafu nitakuja nayo.